Mtani wa Mwelisi

Tangu nihamie Kahama nimelala juu ya majeneza kumi na saba, na hata moja sikulilalia kwa huzuni. Ndiyo kazi ya mtani. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wasukuma ni watani wangu tangu enzi za mababu, walipokuwa wakibeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani wakipita kwetu. Mpagazi akifia njiani, mbali na kwao, nani atamzika? Mtani. Atamtukana kwanza, kisha atamzika. Kwa hiyo mpaka leo Msukuma akifa mtaani kwetu, wenye msiba hukaa kwenye mkeka wakalia, nami huja nikichechemea, nalitungua koti la marehemu msumarini, nalivaa, naigiza alivyokuwa akitembea, halafu nalala juu ya jeneza na kutangaza kwamba huyu bahili haendi popote mpaka nipewe kuku. Watu hucheka huku machozi yakiwatiririka. Kuku hutolewa. Wao hurudi makwao, nami hurudi chumbani kwangu na kuku wangu.

Siku ya kuanua tanga hakuna anayemkumbuka mtani. Nalisema tu, silalamiki. Mtani akilalamika amefukuzwa kazi.

Mtaani wananiita Mzaramo. Miaka kumi na tisa, Mzaramo. Jina langu ni Kondo, na aliyekuwa akilitumia ni mtu mmoja, mzee aliyekuwa profesa wa falsafa huko Welisi, jirani na Uingereza, akafa mwezi wa pili mwaka huu na kuniachia kazi ambayo sijasikia mtani mwingine akiachiwa.

Nilikuja huku kutafuta dhahabu. Kisarawe niliaga kwa ngoma, nikasema nitarudi na meno ya dhahabu. Kule Rwamgasa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo, liliniporomokea mguuni, na tangu siku hiyo nimekuwa na mguu mmoja wa kutembelea na mwingine wa kuufuata. Kurudi nyumbani na kilema na meno yale yale niliona aibu. Nikanunua birika la shaba na jiko la mkaa, nikakaa karibu na stendi ya mabasi ya Kahama, nikauza kahawa na kashata kama alivyofanya baba yangu. Ukiniuliza hali nitakwambia salama. Ukiniuliza mara mbili nitakuuzia kashata.

Huyo mzee alitokea asubuhi moja, mrefu, mwembamba, amevaa koti la sufu kwenye jua la Kahama kama mtu aliyeazimwa akasahau kulirudisha.

"Mwingereza, karibu kahawa," nikamwita.

Akasimama. "Mimi si Mwingereza," akasema, kwa Kiswahili cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Ni Mwelisi. Naitwa Emrys."

"Tofauti yake nini?"

Akaketi kwenye benchi, akapokea kikombe, akatueleza kwa kirefu. Mteja wangu Masalu, dalali wa mpunga, alikuwapo. Mzee alisema kwao wana lugha yao, ya zamani kuliko Kiingereza, na bibi yake alipokuwa shule alivishwa kibao shingoni kwa kuisema. Aliyesikiwa akiisema baadaye ndiye aliyepokezwa kibao, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa.

Masalu akaweka kikombe chini. "Hata mimi nimekivaa," akasema. "Darasa la nne. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kisukuma."

Wakatazamana, mzee wa Kiwelisi na dalali wa mpunga, kama watu waliokutana wakiwa na kovu moja.

"Basi Mwingereza ni mtani wenu," nikasema mimi.

"Mtani ni nini?"

Nikamweleza. Wapagazi, majeneza, kuku. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema, "Hapana. Waingereza walitucheka, lakini hawakutuzika."

"Una mtani huku Kahama?"

"Sina."

"Mtu hawezi kukaa mji bila mtani. Utakufa utuaibishe. Basi mimi."

"Unaitwa nani?"

"Mzaramo."

"Hilo si jina."

Nilikuwa nimepoteza mazoea ya kulitaja. "Kondo," nikasema.

Habari zake nilizipata kikombe kwa kikombe, kwa miaka tisa. Alizaliwa kwenye bonde la wachimba makaa ya mawe. Asubuhi moja, akiwa na miaka minane, baba yake alivaa viatu vya kazi, na kabla ya kutoka akamwambia, "Wape njiwa wangu chakula." Alikuwa anafuga njiwa wa mashindano, kwao ni mchezo mkubwa. Siku hiyo shimo likaporomoka. Baba hakutolewa. Walifunga mdomo wa shimo kwa zege, wakasoma sala juu ya zege.

Mtoto akawalisha njiwa. Mama akasema wauzwe, akakataa, akawalisha. Aliwalisha miaka kumi na moja, mpaka wa mwisho akafa kwa uzee, mwenyewe akiwa likizo kutoka chuo kikuu.

"Nilimshika mkononi," aliniambia, "nikajiuliza: muda wote huu nilikuwa nikimtii nani?"

Kwa swali hilo alipata shahada tatu na kazi kwenye chuo kidogo kando ya bahari, ambako alifundisha miaka thelathini na minne. Akaandika kitabu kimoja, chembamba. Kinauliza kama ahadi uliyompa mtu aliyekufa bado inakufunga, na kama inakufunga, nani ameshika upande wa pili wa kamba.

"Profesa," nikamwambia, "umelipwa miaka thelathini na minne kwa swali la njiwa?"

"Ndiyo."

"Kwetu ukiuliza swali moja muda huo wote unapelekwa kwa mganga."

"Kwetu unapewa ofisi," akasema.

Mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza alikisoma kitabu hicho na kuandika mistari kumi na mmoja jaridani, akisema mwandishi amethibitisha kwa uangalifu mkubwa kwamba wafu hawana malalamiko. Baada ya hapo watu hawakukigusa. Mzee alikuwa na kile kipande cha karatasi kwenye pochi, kimechanika kwenye mikunjo. Picha ya mkewe hakuwa nayo. Nilimwambia wewe ndiye mwanamume pekee ninayemjua aliyemwacha mke akambeba aliyemtukana. Akanisahihisha. Mke ndiye aliyeondoka, kwa sababu, alisema, amechoka kuishi nyumba moja na baba mkwe aliyeko shimoni. Watoto hawakujaliwa. Mwisho vijana wakaacha kusomea falsafa, idara ikafungwa, na ofisi yake ikawa chumba cha mashine za kunakili.

Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Deusdedit, Msukuma wa Isaka, aliyekwenda kule kusomea shahada ya juu. Deusdedit akarudi kufundisha falsafa kwenye seminari moja ya huku, na mzee alipokosa ofisi akamwita aje afundishe mwaka mmoja. Mzee alifika akamkuta figo zimeshamlaza. Miezi minne walikaa pamoja, mmoja kitandani, mwingine kwenye kiti. Kabla hajafa, Deusdedit alimwomba jambo moja tu: "Jumapili uwe unamwamkia mama."

Hakusema mpaka lini.

Kwa hiyo mwaka wa seminari ulipoisha mzee hakuondoka. Alipanga chumba mtaani kwetu, na kila Jumapili alipanda basi kwenda Isaka kumwamkia Bibi Mbuke, ambaye hakujua Kiswahili. Yeye naye Kisukuma alijua salamu na asante. Niliandamana naye mara moja. Alisimama uani akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu." Bibi akaitika, "Mwangaluka." Akawekewa kigoda, akaletewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Akakaa wima, mikono magotini, saa nzima. Kisha akatazama saa ya mkononi, akashukuru, wabeja, akaondoka.

"Saa nzima hamjasema kitu," nikamwambia njiani.

"Mke wangu na mimi tuliweza wiki."

Bibi Mbuke akafariki mwaka jana. Jumapili iliyofuata nikamwona mzee kituoni na koti lake.

"Unakwenda wapi? Bibi hayupo."

"Deus alisema nimwamkie mama," akasema. "Hakusema akiwa hai."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza.

Januari akaanza kukohoa. Alipolazwa hospitali nilimpelekea kahawa kwenye chupa ya chai, muuguzi akainusa, akaniacha nipite. Mzee alikuwa amebaki macho na pua.

"Kondo," akasema, "nikifa utanifanyia utani?"

"Nitakurukia mpaka jeneza lipasuke misumari."

"Utavaa koti langu?"

"Nitalivaa na nitakohoa kama wewe. Watu watadhani umefufuka, wakimbie."

"Nilihudhuria mazishi mengi kwetu. Tulisimama kwenye mvua, tukatazama viatu. Sitaki hayo." Akavuta pumzi. "Ahadi?"

"Ahadi."

"Unajua nimeandika kitabu kizima juu ya neno hilo."

"Najua. Ndiyo maana nimekubali upesi kabla hujanisomea."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akanitoa. Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, wakati nikipuliza mkaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipo na kazi. Watu wa ubalozi walipiga simu, kwa upole. Mpwa wake wa huko alikuwa ameandika kwamba hana pingamizi mzee azikwe alikochagua mwenyewe. Lakini azikwe na nani? Maiti asiye na ndugu, zikipita siku kadhaa, huzikwa na halmashauri, kwenye safu ya wasiojulikana nyuma ya makaburi, na juu yake huchomekwa kibao chenye namba. Nilikwenda kuvitazama vile vibao. Nikamkumbuka bibi yake wa shuleni. Nikasema hapana.

Nikampigia Salome, dada yake Deusdedit, aliyebaki kwenye mji wa mama yao huko Isaka.

"Mzaramo, nimesikia," akasema. "Nimelia, nisikudanganye."

"Mchukueni. Mzikeni hapo kwa mama."

Nilisikia kuku upande wake. "Nimewauliza wajomba. Wanasema alikuja kumwamkia mama, tunashukuru. Lakini hatukutoa ng'ombe kwao, wala wao hawakutoa kwetu. Hatuna neno la kumwita. Maiti usiye na neno la kumwita utamwingizaje kwenye makaburi ya ukoo?"

"Salome, alikaa kwenye kigoda chenu miaka tisa."

"Ningekuwa mwanamume mwenye mji ningesema tofauti," akasema. "Mimi ni mwanamke niliyerudi kwetu. Nisamehe."

Nilibaki na mlango mmoja. Mtaani tuna chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifiwa, wengine huchimba kaburi, huleta turubai, masufuria, jeneza, na hukaa naye. Miaka kumi na tisa nimechimba na wenzangu makaburi ya mama zao na shemeji zao. Ukurasa wangu kwenye daftari la chama ni mweupe, sijawahi kuleta hata shangazi. Nikamfuata mwenyekiti, Boaz, fundi wa kuchomelea mageti. Akapandisha miwani yake myeusi kwenye paji la uso.

"Mzaramo. Nani amekufa?"

"Nimefiwa."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akazima mashine.

"Chama kinamzika mwanachama na damu yake," akasema nilipokwisha kueleza. "Yule hakuwa mwanachama."

"Mwandike kwenye ukurasa wangu."

"Nimwandike nani? Mtani? Mtani hachukui maiti."

"Andika rafiki."

"Rafiki msibani akae wapi? Ndugu wako kwenye mkeka. Majirani wako kwenye viti. Mtani yuko anatusumbua. Rafiki nimwekee nini?"

"Basi andika kaka."

Boaz aliniangalia kama mtu anayetafuta nyufa kwenye geti. "Mzaramo, mimi na wewe tumetaniana mpaka nimekuzoea, lakini leo nakusikiliza kama mwenyekiti. Ukisema kaka, wanachama watakubali, kwa sababu wewe hujawahi kutuomba kitu. Lakini utakaa kwenye mkeka. Utasoma wasifu. Utamwaga udongo wa kwanza. Na utani, marufuku. Mtu hamchezei maiti wa kwake, huo si mzaha tena, ni laana. Nikikuona umevaa koti lake au umesogelea jeneza na maneno yako, nitajua umetudanganya ili tumzike mgeni. Nitasimamisha shughuli, na maiti itarudi ilikotoka. Tumeelewana?"

"Nilimwahidi nitamrukia."

"Basi mrukie. Halmashauri watamzika."

Nilisimama pale kwenye harufu ya chuma. Mzee alikuwa ametaka vitu viwili, na alivitaka kwangu: azikwe kama mtu, na azikwe kwa kicheko. Nikitimiza kimoja naua kingine. Nilitamani sana kumuuliza yeye. Ndiye pekee niliyemjua aliyesomea jambo hilo.

"Andika kaka," nikasema.

Boaz akachukua daftari. Akiandika akauliza, bila kuinua kichwa, "Na mtani wake atakuwa nani?"

"Hana."

"Maskini," akasema Boaz, na hakuwa ananitania.

Siku ya kuandika wasifu ndiyo iliyonichosha kuliko kuchimba. Kila sentensi ilikuja na mkia wa mzaha. Niliandika, Ameacha mke, nikaongeza, yaani mke ndiye aliyemwacha, nikakata. Niliandika, Alikuwa mwandishi wa kitabu kimoja, kilichosomwa na maadui tu, nikakata. Nikaandika kwamba aliwalisha njiwa, nikaona watu watacheka wenyewe bila msaada wangu na Boaz atanitazama mimi, nikakata. Mwisho ukurasa ulibaki na mistari mitano. Alizaliwa. Alisoma. Alifundisha. Aliugua. Ameacha kaka mmoja. Miaka sabini na minane, mistari mitano. Yule Mwingereza wa jaridani alimpa kumi na mmoja.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na nilijua walichofuata. Walikuja kuona Mzaramo atafanya nini. Masalu aliketi mbele kabisa. Mwinjilisti wa jirani alikubali kuomba sala, fupi, kwa sababu hakujua marehemu alikuwa wa dhehebu gani, na mimi sikumwambia. Nilikaa kwenye mkeka peke yangu. Kina mama watatu wa chama, kwa huruma, walikuja wakakaa nyuma yangu, ili mkeka usionekane mpana sana. Koti la sufu nilikuwa nimelikunja mapajani.

Nikasoma mistari mitano. Nilipokaa, pakawa kimya.

Kimya hicho mimi nakifahamu. Ndipo mahali pangu. Wasifu ukiisha, kabla jeneza halijainuliwa, watu hushusha macho na kungoja mtani. Nimekaa ndani ya kimya hicho mara kumi na saba nikijua la kufanya. Sasa kilikuwa kinanisubiri, na Boaz alikuwa amesimama kando ya kaburi, mikono kifuani, akinitazama mimi tu. Watu walitazama viatu. Hapakuwa na mvua, lakini kila kitu kingine kilikuwa kama alivyosema.

Mzaha nilikuwa nao. Ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuitoa. Mguu wangu mbovu ulianza kujongea wenyewe, kama punda aliyezoea njia. Nikaushika kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, mzee, nisamehe, nimekuvunjia ahadi. Boaz akawaashiria vijana wa chama wainue jeneza.

"Subirini," mtu akasema kule nyuma ya viti.

Alikuwa Salome. Sikumwona alipofika. Alikuwa na vumbi la Isaka mpaka magotini na kigoda amekishika mguu mmoja.

"Mwenyekiti," akasema, "marehemu huyu ni nani wake Mzaramo?"

"Kaka yake," akasema Boaz.

"Chama kimeandika?"

"Kimeandika."

"Kaka wa Mzaramo ni kabila gani?"

Nikaona jambo linamwingia Boaz taratibu, kama maji kwenye mpunga.

"Mzaramo," akasema.

"Na mimi?"

"Msukuma."

"Ahsante," akasema Salome. Akavua kandambili, akazipanga pamoja kando, akaja mpaka kwenye mkeka wangu, akanipokonya koti. Hakuniomba. Akalivaa, mikono ikamfunika vidole. Akaweka kigoda juu ya jeneza, kisha akapanda akakaa. Wima. Mikono magotini. Macho mbele.

"Mwangaluka mayu," akasema.

Ilikuwa sauti ya mzee. Lile neno kalivuta mwishoni vile vile, kama mtu anayelisindikiza mlangoni. Halafu hakusema kitu. Alikaa. Watu wakangoja, akakaa. Mama mmoja nyuma yangu akaguna. Salome akatazama mkono usio na saa, akatikisa kichwa kwamba bado, akakaa tena. Hapo Masalu akapasuka, na baada yake watu wote, hata mwinjilisti akageukia upande wa makaburi mengine, mabega yakimcheza.

"Wazaramo mna watu wabishi," Salome akasema kutoka juu. "Miaka tisa huyu mweupe wenu anakula michembe ya mama yangu, hajui kusema ina chumvi wala haina. Mama amekufa, bado anakuja. Tukadhani anataka kurithi kigoda. Sasa mnamleta kwenye udongo wetu bila hata kikombe? Hashuki. Kaka wa marehemu, lete kahawa."

Watu wakanigeukia.

Nimedai kuku mara kumi na saba, sijawahi kudaiwa. Sikujua jinsi inavyokuwa ukiwa chini kwenye mkeka. Unamchukia anayecheka, na unaogopa asije akanyamaza. Nilijaribu kusimama, mguu ukakataa, mama wa nyuma akanishika kwapa. Birika nilikuwa nimelileta, sikujua kwa nini, labda kwa sababu sijui kwenda mahali bila birika. Nikamimina. Kahawa ikanimwagikia. Nilipomfikia na kikombe nilikuwa nalia kwa sauti, kwa sura mbaya, kama mtoto, mbele ya watu ambao kwa miaka kumi na tisa hawajaniona nikifanya hivyo.

Salome alikunywa nusu. Nusu aliimwaga juu ya jeneza. Kisha akashuka, akalikunja koti vizuri, akanirudishia, na kwa sauti ndogo, isiyo ya utani, akasema, "Pole, kaka wa marehemu."

Nikamwaga udongo wa kwanza.

Sitaki udhani mambo yalikwisha kwa nderemo. Salome aliwahi basi la alasiri, alikuwa na kuku wa kufungia. Watu walikula wali wakatawanyika, masufuria yakaoshwa, turubai likakunjwa. Nilikaa kwenye mkeka mpaka akina mama waliponiomba niinuke, mkeka ulikuwa wa chama na ulitakiwa kwingine. Chumbani kwa mzee nilikuta kitabu chake cha pili, ambacho hakukimaliza, ndani ya kiroba cha mchele. Kiingereza chake ni kigumu, nasoma ukurasa kwa wiki. Bado sijafika mahali anaposema kama ahadi niliivunja au niliitimiza. Nilisema nitamrukia, akarukiwa, lakini si na mimi. Nadhani angefurahi sana. Angeagiza kikombe cha pili na kuanza upya.

Jumatatu nilirudi stendi. Masalu akaja.

"Pole, Kondo," akasema, akaketi.

Nikamuuliza kama mpunga wake bado anauchanganya na changarawe ili upate uzito, au siku hizi anauza changarawe tupu. Zamani angenijibu mpaka wapita njia wasimame. Akainamisha kichwa. "Pole sana," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Mfiwa hataniwi mpaka tanga lianuliwe, na siku ya kulianua huipanga mfiwa mwenyewe. Tangu hapo wateja wangu hunywa kahawa kwa adabu kama watu waliofika hospitalini. Wananiita kwa jina langu, kwa sauti ya chini. Nikigonganisha vikombe kutafuta kelele, wananiacha nigonganishe.

Boaz alipita tena jana na baiskeli yake. Akauliza tanga naanua lini, maana mjini kuna misiba, watu wananihitaji.

Nikamwambia bado kidogo.